Sinia Lisilo na Mama

Walimu wapya waliopanga vyumba vya uani kwangu, hapa Chang'ombe, wana tabia moja. Wakikwama kazini hawaniulizi moja kwa moja. Wanasimuliana wenyewe kwa sauti ya kutosha nisikie nikiwa jikoni, halafu wanasubiri nitoke. Juzi walikuwa wanalalamikia sherehe ya Krismasi ya shuleni kwao. Wazazi hawaji, wakija wanakaa pembeni kama wamekuja kusikiliza kesi, chakula kinaletwa na gari kikiwa tayari kwenye maboksi, watoto wanakula na kutawanyika. Nikatoka na mwiko mkononi. Haya ninayoandika ni yale niliyowaambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka walipokwisha kuondoka. Nanyi wengine mnaoanza ualimu, kaeni karibu, bibi yenu hali mtu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, lakini chaki yangu karibu yote nimeimalizia Ugogoni, katika shule moja ndogo ya msingi upande wa Mlali, wilayani Kongwa. Nilifika pale mwalimu kijana mwenye viatu vya kisigino, nikaondoka mwalimu mkuu mwenye miguu ya kuvimba. Shule ilikuwa na vyumba vichache vya matofali ya kuchoma, ofisi iliyokuwa pia stoo ya majembe, na kengele ya ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mgunga. Ukiigonga kwa kile kipande chetu cha nondo, hata ng'ombe walioko malishoni walikuwa wanageuza shingo.

Krismasi ya shule hatukuifanya tarehe ya Krismasi. Tuliifanya siku ya kufunga shule, mwanzoni mwa Desemba, kabla watoto hawajachukuliwa na mashamba na walimu hawajapanda magari kwenda kwao. Kwa watoto wengi ule ndio ulikuwa wali wao wa mwaka. Siku nyingine zote ni ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho mimi nilikiogopa mwezi wa kwanza na kukililia nilipohamishiwa kwingine kwa muda. Basi elewa hapo kwamba tukisema sherehe, tulikuwa tunasema jambo ambalo mtoto amelihesabia tangu mwezi wa saba.

Sasa nikufundishe kitu ambacho chuoni hawakukufundisha. Ugumu wa sherehe ya shule uko kwenye kugawa chakula. Kupika ni rahisi, wamama wakishapatana nani anakaa kwenye chungu kipi. Miaka yangu ya mwanzo, ile miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sukari, kila mtoto alikuja na bakuli lake kutoka nyumbani. Mmoja alikuja na kikombe, mwenzake na beseni la kuogea. Wa beseni alitaka lijae. Wakubwa walimaliza na kurudi kwenye mstari kwa majina ya wadogo zao, wadogo wakalia, na mwaka mmoja darasa la kwanza zima lilikula ukoko. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira hata shuka sikutandika.

Aliyetuokoa ni Mzee Isa. Huyu alikuwa Mrangi, mtu wa Kondoa, mwenye duka pekee la kijiji, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa nyumba pekee ya Waislamu pale kwetu. Alikuwa na masinia makubwa ya bati aliyoyaweka kwa ajili ya maulidi, wakati ndugu zake wanapokuja kutoka Kondoa. Alinikuta nalalamika dukani kwake, akasema, "Mwalimu, masinia yamelala kule ndani yanaota kutu. Chukua. Watu wakila sinia moja wanachungana wenyewe."

Hapo ndipo nilipobuni utaratibu wangu, na ninaujivunia kuliko cheti chochote nilichopewa. Kila sinia lilikaliwa na mtoto kutoka kila darasa, kuanzia wa kwanza mpaka wa sita, maana la saba walikuwa wameshamaliza mtihani na kwenda zao. Yule wa darasa la sita aliitwa mama wa sinia, hata akiwa mvulana mwenye ndevu zinazochipua. Kazi ya mama wa sinia ni kuhakikisha wote wamenawa, wote wamekaa, na kila mkono uko juu ya sinia. Akiridhika, ananyanyua mkono wake. Mama wa masinia yote wakinyanyua, nagonga kengele, ndipo watu wanakula. Mkono mmoja ukikosekana, hakuna kengele. Mwaka wa kwanza walidhani natania. Sinia moja lilimsubiri mtoto aliyekwenda kujisaidia, na shule nzima ikamsubiri naye, na aliporudi alizomewa hivi kwamba mwaka uliofuata hakuna aliyekunywa maji tangu asubuhi.

Kwa hiyo masinia yalikuwa ya Mzee Isa, masufuria ya kanisa, kuni za watoto, maji ya kina mama kutoka kisimani, na nyama ya yeyote aliyejaliwa. Na mchinjaji alikuwa Mzee Isa. Hili kwetu halikuwa na mjadala. Ninyi nyote mnajua desturi yetu, kwamba penye watu wa dini mbalimbali anachinja Mwislamu ili kila mtu ale. Kila siku ya kufunga shule mzee yule alikuja amevaa kanzu safi, kisu amekifunga kwenye kitambaa, akachinja mbuzi wa Krismasi, akanawa, akakaa na wazee wenzake kusikiliza watoto wakiimba habari za Bethlehemu. Akitoka hapo alinikosoa uimbaji.

Mjukuu wake Zaituni naye alikuwamo kwenye shughuli. Igizo halikumhusu, lakini ngoma ilimhusu. Ugogoni ngoma zile ndefu za muheme hupigwa na wanawake, wanazibana katikati ya mapaja, na binti yule wa Kirangi alijifunza kuzipiga mpaka bibi wa Kigogo wakawa wanamuuliza kama mama yake hakuficha kitu.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, magulio yakaamka, Kibaigwa ikawa soko la mahindi ambalo malori yanalala foleni. Hata Krismasi yetu ilibadilika. Mitumba ilileta maajabu. Mchungaji mmoja wa Bethlehemu alikuja kwenye igizo na koti zito la manyoya la watu wa theluji, akakataa kulivua, akaanguka kwa joto kabla malaika hajamtokea. Wazazi wengine wakaanza kuuliza kwa nini tusilete redio kaseti badala ya ngoma. Na watu waliouza vizuri Kibaigwa wakaanza kutaka wajulikane kuwa wameuza vizuri.

Mmoja wao alikuwa Mzee Yoramu, mwenyekiti wa kamati ya shule. Nisimseme vibaya. Bila yeye madarasa yale yasingekuwa na paa. Alikuwa Mgogo mrefu, mfugaji, sauti nzito, na kwa kuwa Wagogo na Wanyamwezi ni watani, hakuna siku tuliyoonana bila kutukanana. Alikuwa akinikuta nimebeba mafaili anasema, "Mbukwenyi, Mwalimu. Naona damu ya Kinyamwezi haijapotea, bado mnabeba mizigo ya watu." Nami namjibu kwamba kule kwetu tunabeba mizigo kwa sababu tuna vitu, si kama watu wenye mlenda mtupu. Tukishamaliza matusi ndipo tunaanza kikao.

Mwaka mmoja Mzee Yoramu alisimama kwenye kikao akasema Krismasi ile hakuna kuchangia mbuzi. Atatoa ng'ombe, dume zima, peke yake. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likaruka. Mimi mwenyewe nilipiga.

Siku ilipofika, Zaituni, ambaye mwaka ule alikuwa darasa la sita na mama wa sinia, alileta masinia asubuhi akiwa na wadogo zake, wameyabeba kichwani. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Babu amekwenda Kibaigwa kuchukua mzigo wa duka. Amesema mumsubiri, hachelewi." Nikaitikia, nikaingia darasani kufanyisha watoto mazoezi ya mwisho ya igizo. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya, na mtu yeyote wa Kongwa akiona mawingu Desemba anakosa utulivu.

Nilipotoka, ng'ombe alikuwa chini, ameshachunwa nusu.

"Nani kachinja?" niliuliza.

"Shemeji yangu," alisema Mzee Yoramu, anafuta mikono. "Isa hajatokea, na mvua hiyo, unaiona. Nyama ikinyeshewa tutaambiwa tulikuwa tunasubiri nini?"

"Na watoto wa kwa Mzee Isa?"

"Watoto wenyewe wachache, Mwalimu. Wapikieni maharage, wakae pale chini ya kibaraza. Wali ni wali."

Hakusema kwa chuki, nataka mlielewe hilo. Alisema kama mtu aliyekwisha kutatua tatizo. Na mimi nilitazama lile rundo la nyama, nikatazama mawingu, nikawaambia wamama wainjike maharage. Kufanya kazi na watu ndiko huko. Mambo mengi yanaharibika mikononi mwa watu wazuri wenye haraka.

Igizo lilikwenda vizuri. Ngoma zilipigwa, Zaituni alipiga za kwake bila kutazama upande wowote. Alikuwa ameshaambiwa. Hotuba zilikuwa fupi, kwa sababu niliwafundisha wageni wote kwamba hotuba husomwa mchuzi ukiwa unanukia. Chakula kikapakuliwa, watoto wakakaa kwenye masinia yao uwanjani, na Zaituni akawachukua wadogo zake, aliokuwa nao sinia moja, wakakaa chini ya kibaraza cha ofisi na bakuli la maharage.

Nikaenda kwenye mgunga, nikashika nondo yangu. Mikono ya mama wa masinia ikaanza kunyanyuka, mmoja mmoja. Nikasubiri. Sinia moja katikati ya uwanja halikunyanyua. Watoto wake walikuwa wamekaa kimya, mikono iko juu ya wali, lakini upande mmoja wa sinia ulikuwa wazi.

"Sinia lile vipi?" niliita.

Aliyejibu alikuwa Madeje, mtoto wa darasa la kwanza, hana meno ya mbele. Na mnisikilize vizuri: Madeje alikuwa mjukuu wa Mzee Yoramu. "Mama wetu yuko kule," alisema, akaonyesha kibarazani.

"Gonga, Mwalimu," alisema Mzee Yoramu kutoka kwenye viti vya wageni. "Wali unapoa."

Niliogopa, nasema kweli. Yule alikuwa mwenyekiti wangu, ng'ombe alikuwa wake, na mvua ilikuwa inakuja. Mtoto mwingine angeweza kuambiwa ashike nafasi ya Zaituni na mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimetumia miaka kuwafundisha watoto wale kwamba mkono mmoja ukikosekana hakuna kengele. Kama ningegonga, wangejifunza siku ile kwamba kuna mikono inayohesabiwa na mingine haihesabiwi, na somo hilo mtoto halisahau.

"Mwenyekiti," nilisema, "kuna sinia halina mama. Siwezi kugonga."

Watoto walikuwa wanatazama nyama, nyama inatoa mvuke, na hakuna aliyegusa. Watu wazima wakaanza kutazamana. Mama mmoja alisema polepole kwa Kigogo jambo ambalo sikulisikia, na wenzake wakainamisha vichwa.

Ndipo Mzee Isa alipotokea, anasukuma baiskeli yenye mzigo. Gari alilopanda lilikuwa limekwama kwenye mchanga wa korongo, akashusha baiskeli yake na mzigo. Alikuwa ametembea kutoka huko, kanzu imelowa jasho, na kitambaa cha kisu kimefungwa kwenye usukani. Aliona ngozi ya ng'ombe kwenye uzio. Akaona masinia yake, na nyama juu yake. Akamwona Zaituni kibarazani.

"Hamjambo," alisema. "Naona kazi imekwisha."

Akawatazama watoto, akasema, "Basi kuleni, watoto msiteseke. Masinia mtayaosha mlete kesho." Akageuza baiskeli. Zaituni akasimama, akawashika wadogo zake mikono, akaanza kumfuata.

Mwaka ule mzee yule alikuwa ameshataja kuwahamishia wajukuu zake Mlali, kwa shangazi yao. Nilijua wakivuka ule uzio hawatarudi Januari, na masinia yatarudi kwao na hayatatoka tena.

Mzee Yoramu alikuwa ameshanyanyuka. Nilidhani anamfuata Isa, kumbe anakwenda upande mwingine, kwake, ambako si mbali. Alitembea haraka kwa umri wake. Alirudi anamvuta beberu kwa kamba, yeye mwenyewe, mzee wa heshima aliyezoea kuwatuma watu. Beberu alikuwa anagoma, anamkokota kila upande, na mgolole ulikuwa unamdondoka mzee begani. Watoto walitaka kucheka wakaogopa.

"Isa!"

Mzee Isa akasimama kwenye uzio. "Naam."

"Ng'ombe nilikuwa na haraka naye. Huyu sina haraka naye." Alikuwa anahema. "Kisu unacho?"

"Ninacho. Si nilikuja nacho."

"Basi rudi. Nimekukosea, na nimekukosea mbele za watu, ndiyo maana nakwambia mbele za watu."

Mzee Isa alimtazama. Akaegesha baiskeli, akaja akamshika beberu mbavuni, akampapasa kama anayemnunua. "Amekonda."

"Mbuzi wangu akonde? Macho yako hayo yamejaa vumbi la Kondoa!"

Hapo watu walicheka, kicheko kile cha kushusha pumzi, na Mzee Isa naye akacheka. Zaituni alikaa chini pale pale aliposimama akafunika uso na kanga. Nilijifanya sikumwona, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimegeukia mgunga.

Nyama ya ng'ombe iliondolewa kwenye wali, masinia yakaoshwa kwa maji ya moto, wamama wakagawana ile nyama kwenda nayo majumbani. Wali mpya ukainjikwa. Mvua ikanyesha kweli, tukahamia madarasani, na wazazi ambao kwa kawaida wangekimbilia mashambani kupanda walikaa wakisubiri beberu mmoja aive, anayetakiwa kulisha shule nzima. Kipande cha kila mtoto kilikuwa kidogo hata ukikitafuna huoni tofauti. Tulikula mchuzi zaidi. Lakini Zaituni alikaa upande wake wa sinia, akakagua mikono, akamwambia Madeje arudie kunawa, kisha akanyanyua wake. Nilitoka kwenye mvua kwenda kugonga kengele na sikujali kulowa.

Ng'ombe wa Mzee Yoramu hakuna anayemkumbuka. Beberu wake anasimuliwa mpaka leo. Tangu mwaka ule alirudi kwenye kuchangia kama wengine, na alikuwa akija mwenyewe kumfuata Mzee Isa dukani asubuhi, wanatembea pamoja kuja shuleni wakibishana bei ya mahindi. Wote wawili wametangulia sasa. Mzee Isa alipozikwa, wengi wa waliobeba jeneza walikuwa watoto wa masinia.

Nikaja kustaafu, nikajenga hapa mjini. Desemba iliyopita nilialikwa kule shuleni. Mwalimu mkuu sasa ni Zaituni. Nilikuta madarasa yameongezeka, uzio ni wa ukuta, umeme upo, lakini ringi ya lori iko pale pale kwenye mgunga. Nilipangiwa kukaa meza ya wageni, yenye kitambaa, soda na sahani iliyofunikwa. Nikakaa, miguu ikashukuru. Watoto wakakaa kwenye masinia. Mikono ikanyanyuka.

Kengele haikugongwa. Nilimtazama Zaituni, kashika nondo, ananitazama mimi. Nikadhani ananisubiri niombe sala au nitoe hotuba, nikaanza kutafuta miwani. Ndipo kitoto cha darasa la kwanza kikanijia, kikashika ncha ya kanga yangu.

"Shikamoo bibi. Mama wa sinia letu anasema umepangwa kwetu. Tunasubiri mkono wako."

Nikaacha ile sahani iliyofunikwa, nikaenda kunawa.